Kabla ya kupanda mikoko, fuata maji

Kila tarehe 26 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2015 kuwa ya kuhifadhi mikoko duniani, mitandao hujaa picha za watu waliokunja suruali hadi magotini, wamesimama matopeni, kila mmoja na mche mkononi. Moyo wa watu hawa ni mali kubwa kwa uhifadhi, ndiyo maana inaniuma kuona jasho lao likipotea bure. Miche mingi inayopandwa kwa namna hii hufa, na chanzo chake si kigeni kwetu tunaofanya kazi ya kurudisha makazi ya viumbe wa pwani: hupandwa mahali ambapo mkoko hauwezi kuishi.

Ufilipino imepanda mikoko kwa miongo mingi na kwa fedha nyingi. Mwanasayansi wa huko, Jurgenne Primavera, na mwenzake walipopitia kazi hiyo mwaka 2008, waliona kwamba miche iliyobaki hai baada ya muda mrefu ilikuwa kwa jumla kati ya asilimia 10 na 20 tu. Sri Lanka nayo ilipanda kwa wingi baada ya tsunami ya Desemba 2004, na watafiti waliorudi miaka kadhaa baadaye walikuta baadhi ya maeneo hayana hata mche mmoja uliosalia.

Mkoko ni mti wa maji ya chumvi, lakini si mti wa kukaa majini muda wote. Kwa kawaida hustawi katika nusu ya juu ya ukanda wa maji kujaa na kupwa, kuanzia usawa wa kati wa bahari hadi pale maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, yanapofika. Tope lake halina hewa. Mche ukiwa mdogo, mizizi yake hutegemea hewa inayoingia kupitia vitundu vidogo vya shina na mizizi iliyo juu ya tope, na hewa hiyo huingia maji yakiwa yamekupwa. Mkoko uliokomaa umejijengea njia zake: mchu, aina mojawapo ya mikoko, huchomoza mamia ya mizizi ya kupumulia, iliyosimama wima kuuzunguka mti kama penseli zilizochomekwa ardhini. Mche hauna kitu cha namna hiyo bado. Ukiupanda chini sana, maji hukaa juu yake saa nyingi mno kila siku. Majani hupata rangi ya manjano, viumbe wadogo wenye magamba hujigandisha kwenye shina hadi linapinda kwa uzito, kisha siku moja mawimbi huling'oa.

Kwa nini basi watu huendelea kupanda chini? Jibu langu ni umiliki wa ardhi. Sehemu za juu ambako mikoko ilikuwa imesimama zamani zimegeuzwa mabwawa ya kamba na samaki, mashamba ya chumvi, barabara au makazi, na zina wenyewe. Tope lililo wazi upande wa bahari halina anayelidai, hivyo ndilo linalotolewa kwa ajili ya kupanda. Kuna sababu nyingine pia. Aina inayopendwa na wapandaji ni mkoko wenye mbegu ndefu iliyoota tayari ikiwa bado inaning'inia kwenye mti mama. Ni rahisi kuiokota na kuichomeka. Lakini katika pwani nyingi wanaotangulia mbele ya bahari ni aina nyingine za mikoko, mlilana na mchu, na mbegu zao ndogo zinahitaji uangalizi zaidi.

Miche kufa ni hasara ya kwanza. Hasara ya pili haionekani kwenye picha. Tope linaloitwa tupu limejaa minyoo, konokono, kaa na chaza wadogo, na ndege wahamao wanaosafiri maelfu ya kilomita hutua hapo kula maji yanapokupwa, ili wajaze mafuta ya safari inayofuata. Wengi wao hawali ndani ya msitu. Wanataka uwazi wa kumwona adui akiwa mbali. Chini zaidi kuna nyasi bahari, chakula cha nguva na kasa, na mahali samaki wachanga hujificha. Kuchomeka miti juu ya nyasi bahari ni kuharibu makazi ya viumbe kwa jina la kuyahifadhi. Kwangu hilo halikubaliki, hata kama mfadhili ameshalipia miche.

Njia inayofaa huanza na swali moja: kama mbegu za mikoko huelea na kuletwa na maji bila kuombwa, mbona hapa hakuoti kitu? Mara nyingi jibu utalikuta kwa kutembea tu. Utakuta tuta la bwawa lililotelekezwa, au barabara iliyokatiza mkondo bila kalavati ya kutosha. Upande mmoja wa barabara miti ni mibichi, upande wa pili imesimama mikavu na ardhi imeota ukoko mweupe wa chumvi. Hapo dawa ni kuvunja tuta, kupanua kalavati, kuchimbua mkondo wa zamani. Huko Florida, mwanaikolojia Robin Lewis na wenzake walirudisha mikoko ya West Lake kwa kuondoa udongo uliokuwa umemwagwa juu yake na kuipa bahari njia ya kuingia na kutoka. Miti haikupandwa. Mbegu zilikuja na maji na kuota zenyewe.

Kupima si kazi ya wataalamu peke yao. Nenda kwenye msitu wa karibu ulio hai, chomeka ufito wenye alama, uone maji yanafika wapi wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, yale yanayojaa kidogo tu, na yanakaa muda gani. Fanya vivyo hivyo pale unapotaka kurudisha mikoko. Ukikuta tofauti ya hata shubiri moja au mbili, chukua hatua: huenda ndiyo itakayoamua kama miche itaishi. Zungumza pia na wavuvi na wazee wanaokumbuka mkondo ulipita wapi na msitu uliishia wapi, kwa sababu ramani nyingi zilichorwa baada ya uharibifu.

Kupanda kuna nafasi yake. Maji yakisharudi na misimu miwili ikapita bila mbegu kufika, kwa kuwa miti mama iko mbali au imeisha, hapo tayarisheni vitalu, mkichanganya aina na kupanda kila moja kwenye usawa wa maji unaoifaa. Na mkiandika mradi, msihesabu miche iliyopandwa siku ya kwanza. Wekeni fedha za kurudi kuhesabu iliyo hai baada ya mwaka mmoja, mitatu na mitano, pamoja na kaa na ndege waliorejea. Mfadhili akikataa kulipia hesabu hiyo, mwambieni mapema kwamba anachonunua ni picha.