Swiiti ya dansi: ngoma iliyobaki kwenye vidole

Ukimtajia Mswahili "muziki wa dansi", anachokiona ni jukwaa: magitaa, tarumbeta, waimbaji wamevaa sare, na watu ukumbini wanasakata rumba mpaka usiku wa manane. Kwa hiyo akisikia kwamba Debussy au Ravel, watunzi wa Ufaransa, alitunga dansi za piano, hutarajia kitu cha kumwinua kitini. Anapoanza kusikiliza anakuta piano peke yake, inakwenda taratibu, mahali pengine inanong'ona tu. Anadhani amekosea wimbo. Hajakosea. Ameingia kwenye swiiti ya dansi, na neno hilo linahitaji maelezo.

Swiiti ni vipande vifupi vya muziki vinavyofuatana na kupigwa kama kazi moja. Katika swiiti ya dansi, vipande vingi hubeba majina ya ngoma za zamani za Ulaya: alemanda, kuranta, sarabanda, minueti, gavoti, rigodoni, jigi. Jina likishaandikwa juu ya ukurasa, mpigaji anajua mambo matatu kabla hajagusa piano: mapigo yanahesabiwaje, mwendo ni wa kasi gani, na uzito wa mguu unaangukia pigo lipi. Wachezaji wenyewe hawapo, wala hakuna anayewangojea. Lakini miguu yao bado inaongoza vidole.

Hilo la miguu ndilo jambo lenyewe, basi tulitazame kwa karibu. Chukua minueti. Ina mapigo matatu, na ukihesabu moja, mbili, tatu utadhani ni waltzi iliyopoa. Ila katika kasri la Ufaransa hatua ya minueti haikuisha ndani ya mapigo matatu. Ilichukua mapigo sita, na katika hayo sita mchezaji alikanyaga mara nne. Kwa hiyo hatua moja kamili inatandazwa juu ya vipimo viwili vya muziki, kila kipimo mapigo matatu, na mpiga piano anayejua kazi yake huvipiga viwili viwili, cha kwanza kinatoa, cha pili kinapokea. Asiyejua hugonga kila "moja" kwa nguvu ileile, na minueti yake inachechemea. Sikiliza wapigaji wawili wakipiga minueti moja na tofauti hii utaisikia upesi.

Sarabanda nayo ina mapigo matatu, lakini pigo zito ni la pili. Jaribu mezani kwa kiganja: gonga la kwanza kwa wepesi, gonga la pili kwa uzito, kisha uliache likae mpaka la tatu lipite. Moja, mbiiili. Moja, mbiiili. Utahisi mwili unasita katikati ya hatua, kama mtu aliyevaa joho zito anayegeuka polepole. Ajabu ni kwamba ngoma hii haikuzaliwa na utulivu huo. Maandishi ya kwanza yanayoitaja yanatoka Panama, enzi ya Wahispania, mwaka 1539, na mwaka 1583 ilipigwa marufuku huko Hispania kwa kuonekana haina haya. Ilipozoeleka Ufaransa katika karne ya 17 ilikuwa imepunguzwa mwendo, na kasrini ikahesabiwa miongoni mwa dansi za heshima kubwa.

Mwenye kasri alikuwa Louis XIV, mfalme aliyecheza mwenyewe jukwaani na ambaye mwaka 1661 alianzisha chuo cha kifalme cha dansi mjini Paris. Kwa watu waliomzunguka, kujua kucheza ilikuwa sehemu ya adabu. Ndiyo maana mtunzi aliweza kuandika neno "sarabanda" juu ya ukurasa, na msikilizaji akaisikia miguuni hata kama ameketi. Hapo dansi ikaanza kuachana na ukumbi. Waliitoa kwanza wapigaji wa luti, ala ya nyuzi inayofanana na gitaa, wakafuata wapigaji wa hapsikodi, kinanda kilichotangulia piano, ambacho nyuzi zake hudonolewa, hazipigwi kwa vinyundo. François Couperin (1668–1733) alichapisha vitabu vinne vya hapsikodi kati ya 1713 na 1730, vyenye makundi 27 ya vipande aliyoyaita ordres. Humo dansi zimechanganyika na vipande vilivyopewa majina ya watu, ya ndege na ya hali za moyo.

Karne ya 19 ilikuwa na mambo mengine: piano kubwa zenye sauti ya kujaza ukumbi, na waltzi na mazurka (dansi ya Kipolandi) za mtunzi Chopin, aliyeishi Paris. Kilichowarudisha Wafaransa kwa Couperin kilikuwa, kwa kiasi kikubwa, kushindwa vitani. Mwaka 1871, baada ya kupigwa na Prussia, dola ya Wajerumani, wanamuziki wa Paris waliunda chama cha Société nationale de musique ili kazi za Wafaransa zipate pa kusikika wakati muziki wa Wajerumani ulikuwa umetawala. Waliotafuta sauti yao wenyewe wakaangalia nyuma kuliko Beethoven, wakamkuta Couperin na mwenzake Rameau. Mwaka 1895 mchapishaji Durand alianza kutoa kazi zote za Rameau, mtunzi Saint-Saëns akiwa msimamizi.

Mtunzi Erik Satie alikuwa ameshatunga sarabanda zake tatu mwaka 1887. Claude Debussy akaweka sarabanda katikati ya Pour le piano (1901), na maelekezo yake kwa mpigaji ni kwamba ipigwe kwa madaha, kwa uzito na polepole. Ukiisikiliza, pigo la pili bado lipo, ila akodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) zinazolibeba zinateleza pamoja, zote kwa mpigo, namna ambayo Couperin asingeitambua. Halafu kuna Suite bergamasque (1905), ambayo wengi wameisikia bila kujua, kwa kuwa Clair de lune ni kipande cha tatu ndani yake. Upande mmoja kimekaa na minueti, upande wa pili na paspié, dansi nyingine ya zamani ya Ufaransa. Naona ni hasara kukisikiliza peke yake kila siku, maana utulivu wake unaeleweka vizuri zaidi ukitoka kwenye minueti, miguu ikiwa ndiyo kwanza imesimama.

Lakini kazi inayoonyesha dhana hii kwa ukamilifu ni ya Maurice Ravel, Le Tombeau de Couperin. Tombeau ni kaburi, na katika muziki wa zamani wa Ufaransa ni kipande cha kumkumbuka marehemu. Ravel aliianza mwaka 1914, akatunga kwanza kwa kunakili na kupanga upya forlana moja (nayo ni dansi ya zamani) ya Couperin ili kuingia katika mkono wa mzee huyo. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikaja. Alijiunga na jeshi akawa dereva wa lori, na mwanzoni mwa 1917 mama yake akafariki. Kazi ilipokamilika mwaka huo ilikuwa na vipande sita, vitatu kati yake dansi: forlana, rigodoni na minueti. Kila kipande kilitolewa kwa kumbukumbu ya rafiki aliyekufa vitani. Rigodoni ni ya ndugu wawili, Pierre na Pascal Gaudin, waliouawa na kombora moja mwaka 1914.

Na rigodoni hiyo ni ya furaha. Inaanza kwa kishindo, mapigo mawili mawili, mkono wa kushoto unaruka kwa nguvu. Wengine walishangaa: vipi kumbukumbu ya waliokufa ichangamke hivi? Mimi naona dansi ndiyo iliyompa Ravel nafasi ya kufanya hivyo. Umbo la rigodoni limeshapangwa tangu zamani, linadai uchangamfu, na ndani ya adabu hiyo huzuni inapata mahali pa kukaa bila kulia hadharani. Katikati mwendo unapoa, sauti inakuwa ya majonzi, kama mchungaji anapiga filimbi peke yake, halafu kishindo kinarudi.

Minueti ndiyo inayonishika zaidi. Sehemu yake ya katikati ni museti, jina linalotokana na zumari la mfuko la Kifaransa: chini kuna sauti moja inayoendelea kuvuma, juu kuna akodi nzito zinazopanda mpaka zinakaribia kupiga kelele, kisha zinashuka. Unangoja wimbo wa kwanza urudi, kama desturi ya minueti inavyotaka. Unarudi kweli, mwepesi kama mwanzo, lakini chini yake wimbo wa museti haujanyamaza. Kwa vipimo kadhaa vinakwenda pamoja, hatua za kasri juu, maombolezo chini, mikono miwili ya mtu mmoja.

Aliyeipiga kazi hiyo kwa mara ya kwanza, Aprili 1919 mjini Paris, alikuwa Marguerite Long. Kipande cha mwisho, Toccata, yaani kipande cha kuonyesha wepesi wa vidole, ni kumbukumbu ya mume wake, Joseph de Marliave, aliyeuawa Agosti 1914. Mwaka huo huo wa 1919 Ravel akachukua vipande vinne na kuviandikia okestra, na Novemba 1920, katika Théâtre des Champs-Élysées, kundi la Ballets suédois likazicheza zile dansi tatu, forlana, minueti na rigodoni, kwa miguu ya watu walio hai.