Hapana, Usiufute: Mchoro Usiong'aa si Mchoro Mchafu

Wiki hii nimetumiwa tena ile video. Mnaijua: dawa ya kuyeyushia, mchoro wa mwanamke wa mwanzoni mwa karne ya 17, vanishi ya kahawia inayeyuka, na chini yake unatokea uso mweupe na gauni jekundu linalowaka. Ilianza kusambaa mwaka 2017 na haijachoka hadi leo. Ujumbe unaoifuata ni uleule: "Dada, huu wetu nao umefifia, si tuufute hivihivi?" Halafu inakuja picha yenyewe, na karibu kila mara ni bakuli la mapichi, komamanga lililopasuliwa, zabibu, jagi lenye maua ya mimosa au karnesheni, kitambaa cha meza cha bluu. Rangi ya mafuta juu ya kanvasi, miaka ya 1950 au 1960, kazi ya mchoraji wa Kikatalani, yaani wa Katalunya, jimbo la Hispania lenye mji wa Barcelona.

Mimi ni fundi wa kuhifadhi michoro hapa Barcelona, na michoro ya namna hii ndiyo inayonipa ugali. Familia nyingi za mji huu zina angalau mmoja ukutani, ulionunuliwa zawadi ya harusi au kurithiwa kwa shangazi. Kwa hiyo naomba nijibu mara moja, hadharani, halafu nyote mtakaoniuliza niwape kiungo cha hapa: hapana, usiufute.

Kwanza hiyo video. Mchoro ule ulipakwa vanishi ya utomvu wa miti, na vanishi hiyo hugeuka njano, kisha kahawia, kadiri miaka inavyokwenda. Inayotoka pale ni vanishi, siyo rangi. Rangi yenyewe ina miaka mia nne, imekauka hadi ndani, na nyeupe ya madini ya risasi iliyomo imeshikana na mafuta ikawa ngumu ajabu. Vanishi pale ni kama protekta ya simu: imechakaa, unaibandua, kioo kipo. Sasa chukua simu isiyo na protekta uanze kubandua. Utabandua nini?

Wachoraji wengi wa kisasa wa Katalunya hawakupaka vanishi, tena kwa makusudi. Tabia hiyo waliitoa Paris. Mchoraji Camille Pissarro alishaandika nyuma ya mchoro wake mmoja wa 1880 akiomba usipakwe vanishi. Picasso, aliyesomea uchoraji hapa Barcelona, na mchoraji mwenzake Braque hawakutaka kuisikia kabisa, na wafanyabiashara waliokuja kuing'arisha michoro yao ya kubisti, ile inayovunja vitu kuwa vipande vya pembepembe, waliiharibu kwa namna ambayo mpaka leo haijatengenezeka. Isidre Nonell alikwenda Paris, Joaquim Sunyer aliishi huko miaka mingi, Emili Grau Sala vilevile. Waliporudi walirudi na jicho jingine: walitaka uso mkavu, wa chaki, ambao mwanga unatua juu yake badala ya kuteleza. Tazama michoro ya vitu vya mezani ambayo Nonell aliifanya mwaka 1910, muda mfupi kabla ya kufa kwa homa ya matumbo mwaka uliofuata. Samaki wakavu, vitunguu, hakuna cha kumeremeta. Ukiimwagia mng'ao ile, umemgeuza Nonell kuwa kalenda ya duka la matunda.

Hapo ndipo ninapogombana na watu. Jicho letu limezoeshwa kwamba kinachong'aa ni kipya na safi, na kisichong'aa kimechoka. Gari, sakafu, kiatu, sawa. Mchoro sivyo. Mteja anasimama mbele ya kitambaa cha meza kilichochorwa kwa kisu cha kupakia rangi, rangi nene kavu isiyorudisha mwanga hata kidogo, anasema "kimepauka." Hakijapauka! Ndivyo kilivyotoka karakana ya mchoraji. Bluu ile inaonekana nzito na ya kina kwa sababu uso wake hauna mng'ao. Paka vanishi uone: bluu itaingia giza, nyeupe ya kitambaa itakuwa ya kijivu, na taa ya sebule itakuwekea doa jeupe katikati ya mapichi. Tena vanishi ikiingia kwenye rangi yenye vinyweleo hivyo huitoi yote. Wanaosema "si inaondoleka tu" hawajawahi kuiondoa kwenye uso wa aina hii.

Kuna hata ushahidi kwamba vanishi yenyewe yaweza kuwa sumu kwa rangi. Mchoraji Vincent van Gogh alichora mwaka 1887 maua ndani ya chombo cha bluu. Mchoro huo uko jumba la makumbusho la Kröller-Müller, Uholanzi. Baadaye mtu mwingine aliupaka vanishi. Njano ya kadimi ya maua yale ikaota ukoko wa kijivu na rangi ya chungwa, na wanasayansi walipouchunguza, matokeo yakachapishwa mwaka 2012, waliukuta ukoko huo palepale rangi inapokutana na vanishi. Mimosa katika michoro ya Kikatalani huchorwa sana kwa njano ya kadimi. Basi mtu akiniambia "weka vanishi maua yachangamke," nacheka kwa hasira.

Tuje kwenye maji, maana hapa ndipo madhara yanapotokea majumbani. Watu wanaamini mafuta na maji havichanganyiki, kwa hiyo kitambaa chenye maji hakiwezi kudhuru rangi ya mafuta. Rangi za karne ya 20 hazijui methali hiyo. Viwanda vilichanganya mafuta yanayokauka polepole au yasiyokauka vizuri, vikaongeza sabuni za alumini ili rangi isitengane ndani ya tyubu, vikaweka kabonati ya magnesi kama kijazio. Hewa ya mji yenye dioksidi ya salfa ikikutana na kabonati hiyo inazaliwa salfeti ya magnesi. Hiyo ni chumvi ya haluli, ileile ya duka la dawa, na inayeyuka ndani ya maji bila kusita. Ukipitisha pamba yenye unyevu juu ya bluu ya altramarini au nyekundu ya kadimi ya miaka ya 1950, pamba inakuja na rangi. Mchoro wa karne ya 17 ungekutazama tu.

Yaani mchoro wa babu yako ni dhaifu kuliko wa babu wa babu yake. Najua inakera kusikia hivyo. Hata nyeupe zenyewe zilibadilika: ya risasi ikaachwa taratibu, ya zinki hukauka ikawa kavu ya kukatika na sabuni zake hujikusanya kati ya matabaka mpaka yanaachana, ya titani iliyoingia sokoni karibu na mwaka 1920 haina mshikamano wa ile ya risasi. Ongeza kwamba Hispania, tangu vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha mwaka 1939 hadi karibu 1959, ilijifungia kiuchumi, na wachoraji walichora kwa kilichopatikana.

Vitunguu, viazi, makombo ya mkate, mate. Nimeshaviona vyote vikitumika kusafishia michoro. Kitunguu kilichokatwa kinaacha sukari na majimaji, kiazi kinaacha wanga, na makombo yanabaki kwenye mashimo ya rangi nene yakisubiri wadudu. Mate ni habari nyingine: ndiyo, sisi mafundi tunatumia mate, na watafiti wa Ureno waliopima uwezo wake walipewa tuzo ya utani ya Ig Nobel mwaka 2018. Yana kimeng'enya na yana chumvi zinazosaidia. Lakini mate ni maji, kwa hiyo kila nilichosema kuhusu maji kinayahusu. Usinitumie video ukisema kumbe nami nalamba pamba.

"Basi jaribu kwenye kona." Kila mtu ana ushauri huu, hata baadhi ya vitabu. Kona iliyofichwa na fremu haijaona jua, haijaona moshi wa jiko la gesi wala sigara za miaka thelathini. Rangi pale si ileile tena na rangi ya katikati. Inaweza kustahimili maji vizuri kabisa, kisha ukaingia kwenye ua la katikati likakumegukia. Na hata pale katikati, pamba ya kwanza huweza kutoka nyeupe, ya pili ikatoka nyekundu, kwa sababu ya kwanza ndiyo iliyolainisha. Kila rangi hujaribiwa peke yake, chini ya darubini, kwa kuviringisha pamba badala ya kusugua, na jibu la komamanga halikuambii lolote kuhusu zabibu.

Tunachofanya badala yake hakivutii kwenye video. Brashi laini na mashine ya kufyonza vumbi iliyopunguzwa nguvu. Sponji za vipodozi, zilezile za kupakia poda, zikiwa kavu. Zimepimwa na zinafanya kazi. Ikibidi unyevu, maji yaliyorekebishwa uchachu na kiasi cha chumvi, au yaliyofungwa ndani ya jeli yasisambae. Mara nyingine tunasafisha nusu ya uchafu tu tunaacha. Uchafu uliokwishazama ndani ya rangi laini hautoki bila kutoka na rangi, na mteja hulazimika kuchagua.

Sasa mambo ambayo sisi mafundi hatuyasemi mbele ya wateja. Nimewaambia uso usiong'aa ni nia ya mchoraji. Mara nyingi ni kweli. Lakini mafuta nayo huzama: kama utando wa chini unafyonza sana, unakunywa mafuta ya rangi ya juu na kuacha unga mkavu ambao mchoraji mwenyewe asingeupenda. Wengine walirudi na vanishi ya kurekebishia wakapaka mahali palipozama tu. Hivyo mbele yangu kuna komamanga linalong'aa na kitambaa kisichong'aa. Je, alitaka tofauti hiyo? Je, alisahihisha upande mmoja akachoka? Au shangazi alipitisha kitambaa chenye mafuta mwaka fulani? Taa ya UV, yenye mwanga usioonekana kwa macho, inasaidia, vanishi ya utomvu huwaka kijani-njano chini yake, lakini nyeupe ya zinki nayo huwaka karibu vivyo hivyo, na vanishi za kisintetiki hazijitangazi. Nimekaa na wenzangu wenye uzoefu kunizidi, mchoro mmoja mezani, tukaondoka na maoni matatu. Ripoti iliyoandikwa baadaye ilikuwa na sentensi moja yenye uhakika mwingi.

Na kuna kufifia kwa kweli, ambako hakuna pamba duniani itakayorudisha rangi iliyopotea. Waridi za Van Gogh za mwaka 1890 zilikuwa na rangi ya waridi kwelikweli. Rangi yake nyekundu haikuvumilia mwanga, leo ni nyeupe. Karnesheni nyingi za hapa Katalunya zimepatwa na hayo hayo. Njia moja ya kubaini: tazama ukingo uliofunikwa na fremu. Ukikuta wekundu umebaki pale tu, maua yako yaliungua kwa mwanga, wala hayana uchafu.

Mengine kwa haraka. Nyufa si dalili ya thamani. Zinki inapasuka hata kwa mchoraji asiyejulikana. Usiutundike juu ya redieta ya kupashia nyumba joto wala mkabala na dirisha la kusini linaloingiza jua. Usiuwekee kioo kinachogusa rangi, maana rangi nene ya wakati ule huweza kuwa laini ndani mpaka leo, na iko michoro ya miaka ya 1950 ambayo rangi yake ililainika tena baada ya miongo. Vumbi la nyuma ya kanvasi lifyonzwe na fundi, si mtoto wako.

Ukitaka kuniuliza kuhusu mchoro wako, nitumie picha ya nyuma yake, ubao na misumari vionekane, na picha ya mbele iliyopigwa mchana, dirisha likiwa ubavuni ili mikunjo ya rangi itupe kivuli. Niambie ulitundikwa chumba gani, na nani alivuta sigara humo. Picha moja ya mbele, ya flashi, yenye duara jeupe juu ya mapichi, hainiambii chochote, na jibu lake mmeshalisoma.