Ayurveda si mitishamba mitupu

Wengi huamini dawa za Ayurveda haziwezi kudhuru kwa kuwa "ni mitishamba tu". Sivyo. Tiba hiyo ya India ina tawi liitwalo rasa shastra, ambalo kwa makusudi huchanganya mimea na madini kama zebaki, risasi, hata dhahabu, yaliyochomwa mpaka yakawa unga laini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston, Marekani. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki, ambayo nayo ni sumu. Risasi huumiza ubongo wa mtoto, na kidongeni huioni wala huinusi.

Kijiko cha bizari ya manjano kwenye maziwa ya moto ni jambo jingine. Hicho ni kiungo cha jikoni. Ninachokihofia ni kidonge cheusi kisicho na lebo. Mjamzito asikiguse.