Harry Dean Stanton, mzee aliyejua kusikiliza mbele ya kamera

Mimi ni mhariri wa filamu, siku nzima nipo mbele ya skrini nakata na kuunga shoti, na kuna kitu watazamaji wengi hawakijui: sini ya watu wawili wanaoongea mara nyingi inaokolewa na yule ambaye haongei. Steringi anaweza kuyatoa maneno yake vizuri kabisa lakini ukimwangalia yeye peke yake dakika nzima unachoka, inabidi nikate niende kwa mwenzake, mtazamaji aone yale maneno yanamwingiaje. Sasa shida ndo inaanzia hapo, kwasababu waigizaji wengi wakiwa hawaongei wanasubiri zamu yao tu. Unamwona kabisa, macho yapo lakini mwenyewe hayupo, anakumbuka mistari yake, halafu mwenzake akimaliza anashtuka kidogo ndo anaanza kuigiza. Shoti kama hiyo sina pa kuipeleka.

Kwahiyo mtu akiniuliza ni mwigizaji gani namhusudu kuliko wote simtaji steringi yeyote, namtaja Harry Dean Stanton, na leo nataka nieleze kwanini, maana huyu mzee aliigiza toka miaka ya 1950 mpaka 2017, filamu zaidi ya 100 ukijumlisha, na karibu zote alikuwa pembeni.

Umeshamwona, hata kama jina hulijui. Kwenye The Avengers ya 2012, pale Bruce Banner, yule anayegeuka jitu la kijani Hulk, anapoanguka toka angani akatoboa paa, anaamka uchi kwenye kifusi, kuna mlinzi mzee amesimama anamwangalia bila hofu wala haraka, anamuuliza kama yeye ni kiumbe wa anga za mbali, kisha anampa suruali. Ndo yeye huyo, alikuwa ameshapita miaka 80. Ni sini fupi sana lakini watu wanaikumbuka, na ukiichunguza hafanyi chochote zaidi ya kumwangalia yule mtu kwa makini na kutaka kweli kujua jibu.

Alizaliwa Kentucky, Julai 1926. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta kijana, akaingia jeshi la majini la Marekani akawa mpishi kwenye meli, na alikuwepo kwenye mapigano ya kisiwa cha Okinawa, Japani. Baada ya hapo akasoma chuo kikuu huko huko Kentucky, akaenda California kusomea uigizaji Pasadena Playhouse, halafu ndo akaanza ile safari ndefu ya tivii na picha za kauboi, unavaa kofia, unapanda farasi, unapigwa risasi, wiki inayofuata unaitwa tena kwenye tamthilia ile ile ukiwa mtu mwingine. Gunsmoke peke yake ameonekana mara kadhaa. Miaka hiyo ya mwanzo utamkuta ameandikwa Dean Stanton tu, kwasababu kulikuwa na mwigizaji mwingine anaitwa Harry Stanton na hawakutaka watu wachanganye.

Kilichombadilisha, kwa maelezo yake mwenyewe, ni jambo dogo sana. Jack Nicholson alikuwa rafiki yake wa karibu, waliwahi kuishi nyumba moja, na Nicholson alipoandika skripti ya Ride in the Whirlwind, ile ya kauboi iliyotoka 1966, akamwekea Stanton nafasi ya kiongozi wa genge la majambazi, jamaa ana kitambaa jichoni na kofia ya duara. Akamwambia sitaki ufanye chochote, acha nguo ndo ziigize. Basi. Stanton alisema mara nyingi kwamba hapo ndo alipoelewa kazi yake.

Naomba nikae kidogo hapo maana ushauri ule ukiusikia juu juu unaweza kudhani ni uvivu. Steringi ana saa moja na nusu ya kujieleza, tunamjua mama yake, tunajua anachoogopa, akikosea sini moja atarekebisha inayofuata. Mwigizaji wa pembeni anaitwa siku tatu, pengine siku moja, na kwenye filamu iliyokamilika anabaki na dakika nne. Kishawishi ni kuzijaza zile dakika, aweke lafudhi, achezee kiberiti, akohoe, apepese macho, mtu amkumbuke. Mimi naziona hizo vurugu kwenye picha ghafi, zile ambazo hazijakatwa, kila siku na nakwambia kweli ndo vitu vya kwanza kukatwa, kwasababu zinavuta jicho litoke kwenye hadithi. Ile kofia na kile kitambaa vimeshasema nusu ya habari kabla hajafungua mdomo. Nusu iliyobaki ni yeye kuwepo pale kweli kweli, na hicho ndo kigumu.

Kuanzia hapo angalia alikopita. Mfungwa anayeimba nyimbo za dini kwenye Cool Hand Luke ya 1967. Mtu wa FBI kwenye The Godfather Part II, 1974. Fundi wa chombo cha anga kwenye Alien, 1979. Brain, yule mjanja wa gereza zima la Escape from New York, 1981. Mwaka 1984 ni mkamata magari ya wadaiwa kwenye Repo Man. Mwaka 1986 ni baba wa Molly Ringwald kwenye Pretty in Pink, baba aliyeachwa na mke na ameshindwa kabisa kuinuka, na ile sini binti yake anamwambia mama harudi tena, angalia uso wa baba wakati binti anaongea, mimi naweza kuirudia hata mara kumi. Mwaka 1988 ni Mtume Paulo kwenye The Last Temptation of Christ. Mwaka 1999 ni mfungwa mzee wa The Green Mile anayekalishwa kwenye kiti cha umeme ili askari wafanye mazoezi. Kisha kuanzia 2006 kwenye tamthilia ya Big Love ni Roman Grant, nabii wa jamii ya wake wengi, na huyo anatisha.

Watu wakiona orodha kama hii wanasema alikuwa anabadilika kama kinyonga. Mimi sikubali. Habadiliki sana! Sura ni ile ile, nyembamba, mashavu yameingia ndani, sauti ya taratibu, macho ya mtu ambaye hajalala vizuri. Kinachobadilika ni kilichomzunguka. Sisi wahariri tunafundishwa mapema jaribio la Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, aliyechukua shoti ya mwigizaji anaangalia tu akaiunganisha na sahani ya supu, ikaja na mtoto kwenye jeneza, ikaja na mwanamke kwenye kochi, na inasimuliwa kwamba watazamaji wakasifia uigizaji, njaa imeonekana, huzuni imeonekana, tamaa imeonekana, kumbe shoti ni moja. Wengi wanachukua hapo somo kwamba uso mtupu unatosha. Hautoshi. Uso mtupu unafanya kazi kwa sekunde tatu, mpe dakika mbili za mazungumzo unakufa. Uso wa Stanton haukuwa mtupu, ulikuwa wazi, kitu kikisemwa unakiona kinafika. Ndo maana utulivu ule ule kwa baba wa Pretty in Pink ni majeraha na kwa Roman Grant ni vitisho.

Twende kwenye Alien. Anaitwa Brett, muda mwingi yuko nyuma ya Parker wa Yaphet Kotto, wanalalamikia mgao wao wa pesa, na kila Parker akisema kitu yeye anaitikia kwa neno moja tu la kukubali, mpaka Ripley, afisa wa chombo, anamlinganisha na kasuku, na yeye anaitikia tena lile lile. Neno moja, lakini sikiliza, kila mara linatoka tofauti kidogo kwasababu kila mara amelisikia alilokuwa anaitikia. Baadaye anatumwa peke yake kumtafuta paka. Anaingia kwenye chumba kirefu, minyororo inaning'inia toka juu, inagongana, maji yanadondoka. Filamu ya kutisha ya kawaida ingemfanya mtu huyo ahangaike, ageuke geuke, aheme. Stanton anasimama chini ya yale maji, anainua uso, anayaacha yamlowanishe. Mtu kachoka, kuna joto, maji ya baridi ni matamu. Basi. Mhariri Terry Rawlings akaiacha iende, akaiacha muda mrefu kuliko ambavyo wengi tungethubutu, na kwasababu mzee anasikia raha ya kweli wewe mtazamaji unasahau kuogopa kidogo, na paka anapomfokea kitu kilichopo nyuma yake ndo damu yako inaganda.

Ilipofika miaka ya 80 mwanzoni alikuwa amechoka. Alikutana na mwandishi Sam Shepard baa huko Santa Fe wakanywa, akamwambia nafasi anazopewa zimemchosha, anataka kuigiza kitu chenye uzuri ndani yake. Shepard akampa Travis wa Paris, Texas, filamu ya Wim Wenders iliyochukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 1984. Alikuwa anakaribia miaka 58 na ndo kwanza anakuwa steringi. Na wakampa steringi asiyeongea! Anatokea jangwani na kofia nyekundu, anamalizia maji kwenye dumu, na zaidi ya dakika 20 zinapita hajasema neno, kaka mtu anaongea, daktari anaongea, yeye anapokea tu.

Halafu mwishoni inageuka. Amempata mke wake aliyempoteza, Jane, anafanya kazi kwenye vibanda vya kuangaliwa na wanaume kupitia kioo, mwanaume anamwona yeye hamwoni, wanaongea kwa simu. Travis anageuza kiti. Anampa kioo mgongo, ndo anaanza kusimulia, kwa sauti ya chini, kisa cha watu fulani aliowafahamu, mwanaume na mke wake mdogo, wivu, pombe, moto. Anaongea dakika nyingi. Na sasa anayesikiliza ni Nastassja Kinski, ndo Jane mwenyewe, na unamwona anavyotambua taratibu kwamba hao watu fulani ni wao wenyewe. Mhariri Peter Przygodda hana mbwembwe hapo, anakata pale tu inapobidi. Nadhani ni mtu aliyesikiliza wenzake karibu miaka 30 tu ndo angeweza kuongea hivo bila kulia na bila kupaza sauti, akijua kwamba kazi ya machozi ni ya upande wa pili wa kioo.

Ungetegemea baada ya hapo awe steringi moja kwa moja. Hakuwa, akarudi pembeni na akaendelea kufanya kazi. Mchambuzi Roger Ebert alikuwa na kanuni yake kwamba filamu yenye Harry Dean Stanton au M. Emmet Walsh, mwigizaji mwingine wa pembeni, haijalishi nani kati yao, haiwezi kuwa mbaya moja kwa moja, na ingawa baadaye alikiri imewahi kuvunjwa, mimi naishi nayo mpaka leo nikichagua cha kuangalia usiku.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni The Straight Story ya David Lynch, 1999. Filamu nzima mzee Alvin, ameigizwa na Richard Farnsworth, anasafiri toka Iowa mpaka Wisconsin kwa mashine ya kukatia majani ili aone kaka yake mgonjwa ambaye hawajaongea miaka kumi. Huyo kaka ni Stanton na hatumwoni mpaka sini ya mwisho. Fikiria huo mzigo, karibu saa mbili watu wanamsubiri mtu mmoja, halafu anatoka mlangoni na fremu ya kutembelea na ana mistari michache tu. Wanakaa barazani. Anaiangalia ile mashine. Anauliza kama umekuja na kitu kile njia yote kuja kuniona mimi. Alvin anajibu ndiyo. Na kabla hajauliza, pale macho yake yanapotoka kwenye mashine kurudi kwa mdogo wake, yameshajaa maji, na safari nzima tuliyoiona inapita usoni kwake bila yeye kuisogeza hata nyusi.

Filamu yake kubwa ya mwisho ni Lucky, dairekta ni John Carroll Lynch ambaye naye ni mwigizaji wa pembeni, kwahiyo alijua amemshika nani. Stanton alifariki tarehe 15 Septemba 2017 akiwa na miaka 91, wiki mbili kabla haijafika kwenye majumba ya sinema Marekani. Kuna mahali humo anaalikwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto, amekaa kimya kama kawaida yake, halafu bila kuombwa anaanza kuimba Volver, Volver kwa Kihispania, sauti imezeeka, inatetemeka, wapiga mariachi, muziki wa Kimeksiko, wanaidaka na kumfuata. Na kamera inaenda kwa wageni, uso mmoja mmoja, wanamsikiliza.