Sifuri sio "hakuwepo": dhana potofu kuhusu data za kukamata, kuweka alama na kukamata tena

Kuna kitu kinaniuma sana kwenye hii fani yetu ya wanyamapori. Vijana wanaenda fildi, wanalala porini wiki nzima, wanashika panya au ndege au wanapiga picha simba mpaka memori kadi zinajaa, halafu wakirudi data yote inaishia kwenye Eksel, mtu kajumlisha waliokamatwa kapata namba kaandika ripoti basi. Jasho lote lile halafu swali lenyewe halijajibiwa. Na sio kwamba hawana akili jamani, ni kwamba hizi mbinu zimezungukwa na mambo tunayoaminishana toka chuo ambayo sio kweli, na nikiyaangalia vizuri karibu yote yanatokea sehemu moja tu, kwenye kuisoma vibaya sifuri.

Kwa ambaye ndo anaanza: unamkamata mnyama, unamwekea alama, unamwachia, halafu unarudi kukamata tena kwa awamu, na kila mnyama mwenye alama ana mstari wake wa moja (alionekana) na sifuri (hakuonekana). 10110 maana yake awamu ya kwanza alionekana, ya pili hakuonekana, ya tatu na ya nne alionekana, ya tano hakuonekana. Ile sifuri ya katikati hatuna wasiwasi nayo, alikuwa hai, tulimkosa tu, maana baadae karudi. Ya mwisho ndo yenye kazi. Amekufa? Amehama? Au yupo palepale chini ya kichaka na mtego wetu umempita? Mafunzo yote ya uchambuzi wa data hizi kimsingi ni kujifunza kuiuliza hiyo sifuri maswali.

Dhana ya kwanza: "tuliowakamata ndo waliopo, na hata kama sio wote, si namba inatosha kulinganisha mwaka na mwaka."

Haitoshi. Chukua mnyama ambaye kila awamu ana uwezekano wa asilimia 30 kukamatwa, ukifanya awamu 5 bado kama asilimia 17 ya wanyama hutawaona hata mara moja, na hiyo ni kazi nzuri kabisa, hujalala. Halafu hilo la kulinganisha ndo hatari zaidi kwa sababu linaonekana lina mantiki. Tuseme wapo 200 kiangazi na 200 masika, hakuna kilichobadilika, ila kiangazi chakula hakuna kwa hiyo wanaingia mtegoni kirahisi, asilimia 30, masika wameshiba wanaingia asilimia 15. Utakamata 60 halafu 30, na utaandika kwamba idadi imeshuka nusu, na mtu wa maamuzi atakuamini.

Mfano wa hapa kwetu ni papa potwe (whale shark) wa kisiwa cha Mafia. Kwa miaka watu walijua anakuja kuanzia kama Oktoba mpaka Machi halafu anaondoka, maana boti zikitoka nje ya msimu hazimwoni. Watafiti wakaja kuwafunga vifaa vya kutoa sauti na kuweka vipokezi baharini, matokeo yakachapishwa 2015, kumbe wengi walikuwa bado wapo maeneo yaleyale, wamesogea tu mbali na ufukwe na kushuka chini zaidi, na kule chini mtu wa kwenye boti hawezi kuwaona. Miezi yote ile ya sifuri ilikuwa sifuri ya macho yetu.

Dhana ya pili: "fomula ni moja, zidisha gawanya umemaliza."

Hii fomula ya mwanzo wote tunaipenda na ina heshima yake. Petersen, mdenishi aliyekuwa anaweka alama samaki miaka ya 1890, na Lincoln wa Marekani aliyeitumia kwa bata waliovalishwa pete mwaka 1930, ndo imebeba majina yao. Umeweka alama 60, mara ya pili umekamata 50, kati yao 15 wana alama, basi 60 mara 50 gawa kwa 15 unapata 200. Wakiwa wachache inapitiliza kidogo, ndo maana Chapman mwaka 1951 akairekebisha, ongeza moja kwenye kila namba na mwisho utoe moja, hapo juu inakuja kama 193.

Na inafanya kazi kweli pale masharti yake yanapotimia. Kenya Januari 2016 walifanya sensa ya punda milia wa Grevy kule kaskazini, Samburu, Laikipia, Marsabit, Isiolo, watu zaidi ya 500 wakiwemo wananchi wa kawaida wamepewa kamera, siku mbili tu, kila mnyama anapigwa picha upande wa kulia kwa sababu michoro ya kulia na kushoto haifanani, ukichanganya pande utahesabu mmoja mara mbili. Siku ya kwanza ndo kuweka alama, siku ya pili ndo kukamata tena, hakuna aliyeguswa. Wakapata makadirio ya kama 2,350. Siku mbili ni chache, hakuna anayezaliwa wengi wala kufa wengi hapo katikati, sharti la kundi kutobadilika limekaa vizuri.

Sasa sharti linalovunjika kimya kimya ni lile la kwamba wote wana uwezekano sawa wa kukamatwa. Fanya hesabu hii mwenyewe kwenye karatasi, usiniamini mimi. Wanyama 200, nusu ni wajasiri wanakamatwa asilimia 50, nusu ni waoga asilimia 10. Raundi ya kwanza unapata 50 na 10, jumla 60. Raundi ya pili 60 tena. Wenye alama kwenye raundi ya pili ni 25 wajasiri na 1 mwoga, jumla 26. 60 mara 60 gawa kwa 26, jibu 138! Wanyama zaidi ya 60 wamepotea na fomula haijatoa onyo lolote. Na hapo hatujagusa mnyama anayezoea mtego, akishaonja siagi ya karanga mara moja kesho anarudi mwenyewe (makadirio yanashuka), wala yule anayeogopa baada ya kushikwa (yanapanda). Ndo sababu Otis na wenzake mwaka 1978 walikaa wakapanga modeli kwa familia, ya wakati, ya tabia baada ya kukamatwa, na ya tofauti za mmoja mmoja, ili uzilinganishe na data yako badala ya kubahatisha.

Kwenye alama zenyewe niseme kwa kifupi. Pete ikidondoka au tagi ikipotea, mnyama wa zamani anahesabiwa mgeni na makadirio yako yanavimba. Tafuta njia ya kupima upotevu huo, wengine huwa wanaweka alama mbili kwa mnyama mmoja.

Dhana ya tatu, na hii nitakaa nayo: "asiyekamatwa tena amekufa."

Watu wanachukua waliowekwa alama mwaka jana, wanaangalia wangapi wamerudi mwaka huu, wanaita hicho kiwango cha kuishi. Umeweka alama 100 wamerudi 36, unasema asilimia 36 wameishi. Hapana. Hiyo 0.36 ni vitu viwili vimezidishwa, uwezekano wa kuishi na uwezekano wa kukamatwa ukiwa hai. Inaweza kuwa 0.9 mara 0.4, yaani wanyama wapo salama ila mitego yako dhaifu, au inaweza kuwa 0.6 mara 0.6, yaani wanakufa kwa wingi. Jibu moja, habari mbili tofauti kabisa, moja unasema tununue mitego nyingine ya pili unasema kuna tatizo porini. Cormack mwaka 1964, na Jolly na Seber 1965, ndo walituonyesha namna ya kuvitenganisha, na siri yake ni zile sifuri za katikati nilizosema mwanzo. Kila mnyama aliyekosekana halafu akarudi anakwambia mitego yako inakosa kiasi gani, ukishajua hilo ndo unaweza kuigeukia sifuri ya mwisho.

Karibu kila kozi duniani inafundisha hili kwa data ya ndege mmoja mdogo wa Ulaya anayezama kwenye vijito, ndege 294 wa mashariki ya Ufaransa, miaka 7 kuanzia 1981 mpaka 1987. Kukamatwa tena ni kama 0.90, kuishi ni kama 0.56 kwa mwaka. Ila 1983 kulikuwa na mafuriko, na ukiruhusu modeli itofautishe vipindi vya mafuriko na vya kawaida unapata kama 0.47 dhidi ya 0.61. Kumbe ile 0.56 ilikuwa wastani unaoficha tukio lenyewe.

Na bado hujamaliza, kwa sababu hata hicho "kuishi" ni kuishi NA kubaki eneo lako. Simba dume kijana akifika umri wa kufukuzwa kwenye kundi anaondoka, kwenye data yako amekufa, kumbe yupo bonde la pili anatafuta himaya. Kwa hiyo ukiona madume wana kiwango kidogo kuliko majike usikimbilie kuandika "vifo".

Kama unataka kuona kazi ya aina hii imefanywa vizuri nyumbani, angalia ya panya shamba pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro. Hekta 3, mitego 300, kila mwezi usiku 3 mfululizo, kwa miaka mingi. Ule mpangilio una maana yake, ndani ya usiku 3 unachukulia kundi halijabadilika kwa hiyo unakadiria idadi, kati ya mwezi na mwezi linaruhusiwa kubadilika kwa hiyo unakadiria kuishi, ni wazo lililoandikwa na Pollock mwaka 1982. Kutokana na kukamata panya Morogoro watafiti wakaonyesha mwaka 1997 kwamba kuishi na kukomaa kwa hawa panya kunategemea mvua za miezi iliyopita pamoja na msongamano wao wenyewe, na hayo ndo unayahitaji kama unataka kumwambia mkulima mapema kwamba msimu huu mahindi yako hatarini. Kwa kuhesabu vichwa tu hawangefika hapo.

Dhana ya nne: "idadi gawa kwa eneo la mitego, hiyo ndo densiti." Mnyama hajui mpaka wa gridi yako. Wanaoishi pembeni wanaingia na kutoka, kwa hiyo eneo halisi ni kubwa kuliko ulilochora na densiti yako inatoka kubwa kuliko ukweli. Efford kuanzia 2004 alileta modeli zinazotumia pia MAHALI kila mnyama alipoonekana, na leo ndo zinatumika kwa simba wa Maasai Mara, ambapo kazi iliyotoka 2017 ilipata kama simba 17 wenye zaidi ya mwaka mmoja kwa kila kilomita za mraba 100. Kwa hiyo tafadhali, andika kodineti za kila mtego na kila picha, ni dakika moja tu na bila hizo hakuna wa kukusaidia baadae.

Dhana ya mwisho: "nikijua MARK au R nimeshajua uchambuzi." Hizo ni programu za kompyuta za kuchambua data hizi, na programu itakupa jibu hata kama swali ni bovu. AIC (alama ya kulinganisha modeli) inachagua modeli bora kati ya ulizoleta wewe, kama zote mbaya itachagua mbaya iliyo afadhali na kuiweka juu ya jedwali, kwa hiyo pima kwanza kama modeli yako ya jumla (ile inayoruhusu mambo mengi zaidi yabadilike) inaendana na data. Na kuna mtego mmoja unawakamata karibu wanafunzi wote: kwenye modeli inayoruhusu kuishi na kukamatwa vyote vibadilike kila awamu, makadirio ya awamu ya mwisho hayatenganishiki, unapata tu jibu la kuzidisha hivyo viwili, kwa hiyo ukiona kosa sanifu (kipimo cha makadirio kukosa uhakika) la ajabu pale mwisho sio kompyuta imeharibika. Kama unataka kuishi kwa mwaka wa 5 ukisome peke yake, panga bajeti ya kurudi fildi mwaka wa 6 na wa 7, na upange hivyo kabla hujatega mtego wa kwanza.