Je, wajua kwa nini kuna chekechea ambako mzazi hulipa ada na bado hushika zamu darasani?

Mzazi aliyehamia Marekani akianza kumtafutia chekechea mtoto wa miaka mitatu, kitu cha kwanza kumshtua ni ada. Cha pili ni pale anapoipata shule yenye ada nafuu kuliko nyingine zote mtaani, kisha akageuza fomu na kukuta sharti: mama, baba au mlezi atashika zamu darasani, kwa kawaida asubuhi moja kwa wiki. Nilipe, halafu nifanye na kazi?

Ndiyo, kwa sababu zamu nayo ni ada. Shule hizi ni za ushirika, sawa na ushirika wa kahawa au wa maziwa: wenye shule ni wanachama, na wanachama ni wazazi. Wao humwajiri mwalimu, humchagua mwenyekiti na mweka hazina, na hugawana nani atengeneze bembea, nani afue mapazia. Katika chekechea yoyote, fedha nyingi huishia kwenye mishahara, na huwezi kuwapunguza watu hivihivi maana watoto wadogo wanahitaji macho mengi ya kuwatazama. Ushirika hukwepa mtego huo kwa kumlipa mwalimu mmoja tu, mara nyingi, na kuwaweka wazazi wawili watatu wa zamu pembeni yake.

Mtindo huu si wa jana. Mwaka 1916, wake 12 wa wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Chicago walianzisha chekechea yao wenyewe, watoto wapate mahali pazuri pa kucheza na wao wapate saa za kupumua. Mama yeyote wa uswahilini analijua wazo hilo: leo wangu kwako, kesho wako kwangu. Wale wa Chicago waliongeza ratiba na kanuni. Huko New Zealand, Playcentre ya kwanza ilifunguliwa Wellington mwaka 1941, akina baba wengi wakiwa vitani na mama wamebaki peke yao na watoto. Hadi leo vituo hivyo vinaendeshwa na wazazi, nao husomeshwa malezi na michezo ya watoto.

Pwani yetu ina ndugu wa karibu wa mtindo huu. Mwaka 1986, mjini Mombasa, Bi Swafiya Said alianza kazi ya chekechea za Madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na baadaye zikaenea hadi Zanzibar na Uganda. Huko wanawake wa mtaani walifundishwa wakawa walimu, jamii ikaunda kamati ya shule, na vifaa vya kuchezea vikatengenezwa kwa vifuu, makombe na visoda. Si zamu ya kupokezana kama ya Marekani, lakini swali la shule ni ya nani lilijibiwa vilevile.

Turudi darasani. Siku ya zamu unafika kabla ya watoto. Unasoma orodha ya mzio iliyobandikwa ukutani, unakata matofaa ya saa nne, kisha unapewa kituo chako, tuseme meza ya rangi. Hapo kazi ngumu ni kuituliza mikono yako. Mtoto anachora jua la kijani na wewe unawashwa kumsahihisha. Mwalimu anakupa jicho la "mwache". Wakati huohuo mwanao, aliyekuwa akicheza vizuri, amekuona umechuchumaa karibu na mtoto wa mwenzio. Anakuja mbio, anang'ang'ania sketi, kilio juu. Wiki za mwanzo jambo hilo ni la kawaida kabisa, na afadhali uambiwe mapema kuliko kudhani umezaa mtoto mkorofi.

Kabla ya kusaini, piga hesabu. Anayelipwa dola 18 kwa saa, akishika zamu ya saa tatu mara nne kwa mwezi, ametoa dola 216 juu ya ada. Kwa anayefanya kazi usiku au mwenye bosi asiyetoa ruhusa, unafuu unaweza kuyeyuka wote. Uliza kama bibi au shangazi anaweza kukushikia zamu, kama mdogo wa mwanao, yule wa mgongoni, anaruhusiwa kuja, na faini ya kukosa ni kiasi gani. Uliza pia kuhusu vikao vya jioni, maana hivyo husahaulika kutajwa. Sehemu nyingi utatakiwa pia kupeleka uthibitisho kwamba huna rekodi ya uhalifu, na wengine hudai kipimo cha kifua kikuu.

Siku ya kutembelea, wageni wengi hukodolea macho midoli. Mimi ningemtazama mzazi wa zamu. Yuko kona na simu yake, au amekaa kwenye kile kiti kidogo, magoti yakigusa kidevu, akisikiliza hadithi ya dinosaria kwa mara ya tano? Kisha ningemvuta pembeni nimuulize: juzi hapa aliyekosa zamu ni nani, na nani alishika nafasi yake?