Kabla ya kushona, mfundishe mtoto kufumua

Kila likizo inapokaribia, wazazi huniuliza swali lile lile: mtoto anataka kujifunza kushona, nimnunulie kitambaa gani? Huwajibu wasinunue chochote, wafungue kabati. Ndani yake hakukosekani shati la baba lililochakaa kola, kanga iliyotoboka au gauni ambalo dada mtu halimwingii tena. Kitambaa kipya humtia mtoto hofu, kwa sababu anajua kimegharimu pesa na akikikata vibaya atagombezwa. Cha zamani kimeshafuliwa mara nyingi, kwa hiyo hakipungui tena kikifuliwa, kimelainika, na sindano inapita bila kulazimishwa.

Mimi ni fundi cherehani, na watoto wangu wamekulia chini ya meza ya kukatia. Nawasihi wazazi wasianze na sindano na uzi. Waanze na shati kuukuu na kazi ya kulifumua.

Mpe mtoto shati na mkasi mdogo wenye ncha, mkae pamoja mahali penye mwanga. Muoneshe mshono wa mfuko wa kifuani. Upande mmoja akate uzi kila baada ya mishono mitatu au minne, kisha ageuze shati na kuvuta uzi wa upande wa pili, utatoka wote mrefu. Mafundi wengi tunafumua kwa wembe, lakini wembe si wa mtoto. Mfuko ukishabanduka, anaona chini yake rangi ya shati jinsi ilivyokuwa siku ya kwanza, kabla ya jua na sabuni. Binti yangu aliniuliza, "Mama, mbona hapa ni bluu zaidi?" Tukazungumza hapo hapo kuhusu kwa nini nguo za rangi tunazianika kivulini na kuzigeuza ndani nje.

Akiendelea na kola, mabega na mikono, anajifunza mambo ambayo kwa maneno matupu ningehangaika nayo wiki nzima. Anaona kola ina vitambaa viwili na kingine kigumu kati yake, na kwamba kichwa cha mkono kimekatwa kwa mviringo. Anaona pia kuwa kwenye kila mshono kuna akiba ya kitambaa iliyofichwa kwa ndani. Akija kukata chake, hatasahau kuacha hiyo akiba, maana ameiona kwa macho.

Kinachofuata ni kukikagua kitambaa. Mwambie akiinue kuelekea dirishani. Panapopenyeza mwanga kuliko kwingine pameisha, hata kama hapajatoboka. Kisha ashike kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa karibukaribu, avute. Kikitoa mlio wa kuchanika, hapo hapafai, apazungushie chaki na kupaacha. Shati huisha kwenye kola na makwapani, mgongo ukabaki mzima. Suruali huisha magotini na makalioni. Kanga huisha pale inapofungwa na pale inapokaliwa, na mara nyingi pindo hubaki imara.

Kama hujui kitambaa ni cha aina gani, chomoa uzi mmoja uuchome mwenyewe, mtoto akitazama kwa mbali. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kijidonge kigumu cheusi. Ni muhimu kujua hili kabla ya kushika pasi, maana pasi ya moto inayonyoosha pamba vizuri itaikunja poliesta na kuing'arisha vibaya.

Kwenye kanga na shati la pamba kuna starehe moja ambayo watoto hawaichoki. Badala ya kukata kwa mkasi, kata ukingoni kiasi cha kidole kimoja, kisha mwache achane kwa mikono. Kitambaa kitafuata uzi wake chenyewe mpaka mwisho, kimenyooka kuliko mstari wa rula. Mkasi wa mtoto hupindapinda, lakini mkono unaochana haupindi. Ila kabla kanga haijachanwa, muulizeni mwenyewe. Kanga inaweza kuwa ya siku ya harusi, au imebaki peke yake baada ya mwenye doti kumgawia marehemu dada yake nusu yake. Ya namna hiyo irudi sandukuni. Na mkipewa ruhusa, pangeni kwanza jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, litakaa wapi, lisikatwe katikati ya neno. Kwenye mfuko wa bega mimi hulipeleka juu, karibu na mpini, lisomeke.

Kazi ya kwanza ninayoipenda ni foronya ya mto wa kochi kutoka shati la mikono mirefu. Chukueni shati jingine zima, si lile lililofumuliwa. Sababu ya kuipenda ni kwamba sehemu ngumu imeshashonwa kiwandani, nayo ni vifungo na matundu yake. Ligeuzeni ndani nje, fungeni vifungo, lilazeni mezani, mbele na nyuma zilingane. Kwa mto wa sentimita 40 kwa 40, chora mraba wa sentimita 43 chini ya makwapa, ukanda wa vifungo upite katikati. Angalieni sana mistari ya juu na chini ipite kati ya kifungo na kifungo. Ikipita juu ya kifungo, sindano itavunjika. Zuieni kwa pini, kateni, kisha fungueni kifungo kimoja cha katikati kabla ya kushona, vinginevyo mtakuwa mmejifungia nje na itabidi kupapasa kwa vidole ndani ya mfuko uliozibwa. Shoneni pande zote nne, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, na pale ukanda wa vifungo unapokutana na mshono rudieni mara mbili. Fungueni vifungo vilivyobaki, geuzeni, ingizeni mto. Ukiwa na mto wa sufi wa kizamani, usiujaribu bila gamba la ndani, sufi hupenya na kuruka nyumba nzima.

Kwa mkono, uzi usizidi urefu wa kutoka vidoleni hadi kiwikoni mwa mtoto. Ukiwa mrefu hujifunga mafundo, naye atakata tamaa akidhani hana kipaji. Mshono wa kurudi nyuma kidogo kila hatua ndio unaoshika foronya. Ule wa kwenda mbele tu tunautumia kupigia bandi, yaani kushikiza kwa muda kabla ya mshono wenyewe. Watu wengi hupendekeza jinzi kwa wanaoanza, nami sikubaliani nao. Jinzi ni nene, kidole kidogo hakiwezi kusukuma sindano mle bila kuumia. Ihifadhini mpaka atakapofika kwenye cherehani, na hapo muweke sindano namba 16 au 18, si ile ya 14 mnayoshonea vitenge.

Aliye mdogo wa miaka mitano au sita asiachwe nje. Mpe tisheti. Akusaidie kukata mikono na kupanua shingo, kisha chini mkate vipande vya kuning'inia vya sentimita nane hivi, afunge cha mbele na cha nyuma, viwili viwili. Tisheti haitoki nyuzi ikikatwa, kwa hiyo hakuna pindo la kupiga, na mfuko wa sokoni umepatikana bila sindano. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara Juni 2019, mfuko kama huo una kazi kila siku.

Cherehani ya miguu nayo ina mafunzo yake. Toa uzi, weka sindano iliyokwisha makali, na mpe karatasi ya daftari yenye mistari ashone juu ya mistari hiyo. Vitobo vitamwonesha alipopotoka. Aanze kwa kulizungusha gurudumu la juu kwa mkono, likimjia yeye, ndipo miguu ifuate. Likizunguka kinyume, uzi hukatika. Usimruhusu aguse kitambaa mpaka aweze kusimamisha cherehani pale anapotaka yeye.

Lile shati la kwanza lililofumuliwa bado lina kitu. Chukueni kafu moja, ule mkanda wa mwisho wa mkono wa shati wenye kifungo. Ilazeni upande wa nje ukiwa chini, kunjeni theluthi yenye kifungo ije juu, kifungo kikitazama kwenu. Shoneni kingo mbili za pembeni kwa mkono, kwa mishono midogo ya kuzungushia. Theluthi yenye tundu itashuka kama kifuniko na kufungika pale pale. Sarafu za nauli ya shule zinaenea.